Nyumba ya Bangwe Imepata Wenyewe Wapya

Jumatatu, 4 Novemba 1996
Nimekaanga migebuka, samaki wa ziwani, tangu alfajiri. Imeisha kabla ya adhuhuri. Mji umefurika: wakimbizi kutoka Zaire, magari meupe ya mashirika. Watu wanasema sasa Kigoma kuna maisha. Labda.

Alhamisi, 7 Novemba
Mwenye nyumba amekuja. Wapangaji wote tuhame mwezi ukiisha. Shirika linataka nyumba nzima. Nikamwambia, "Mzee, wanangu wote wawili wamezaliwa hapa."
"Najua, mama Rukia. Na mimi nimezeeka maskini humu humu."
Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anasema kweli.

Jumapili, 1 Desemba
Tumehamia Ujiji. Chumba kimoja, wanne. Huku kila kichochoro kina mkaanga samaki wake na wateja wake. Leo nimerudi na beseni limejaa. Jeni, mpangaji mwenzangu wa Bangwe, yeye hakuhama. Wageni wa shirika wamemchukua awe mpishi wao, nyumba ile ile. Namwonea wivu, tena mbaya.

Jumatano, 11 Desemba
Jeni kanitafutia kazi ya kufua kwa wageni wake. Nimekwenda. Chumba changu cha zamani sasa kina jenereta. Ukutani bado zipo herufi za mkaa, za Rukia alipokuwa anajifunza kuandika. Nimefua mashuka ya watu kwenye karo nililofulia nepi za wanangu. Malipo yanashinda samaki. Natembea Ujiji mpaka Bangwe na kurudi, na njia nzima nina hasira. Mume wangu anasema nishukuru. Ashukuru yeye.

Jumapili, 15 Desemba
Jeni amekuja kututembelea. Gauni jipya. Nikajua amekuja kujionyesha. Akavua viatu, akakaa mkekani, akaanza kulia. Kumbe haruhusiwi kuishi na mtoto wake pale kazini. Alimpeleka kijijini Kidahwe kwa bibi yake. Juzi alipokwenda kumwona, mtoto akamkimbia, akajificha nyuma ya bibi.
Nikasema, "Mlete hapa. Atalala na wangu. Utamwona kila jioni ukitoka."
"Mtaenea?"
"Tutabanana."
Amesema atamfuata Jumamosi. Nimemfumua nywele, nikamsuka upya. Mume wangu akatoka nje, akarudi na mkeka mwingine, akaanza kupima kama utaenea pale mlangoni.