Mama, Maji na Ekstensheni ya Umeme

Jumamosi ya umuganda. Mvua ya alfajiri imekatika, jua limetoka, majirani wamesharudi kutoka kwenye kazi hiyo ya jamii na sasa ni alasiri. 

Mwezi uliopita niliunganisha vihisi viwili vya maji kwenye kontrola ya tangi langu la samaki, kile kiboksi kinachoendesha pampu, hita na taa. Vihisi vyenyewe vina ukubwa wa kiberiti, vinalala sakafuni chini ya kabati la tangi. Vikiguswa na maji, kontrola inakata umeme wa kila kitu na kunitumia ujumbe kwenye simu. Nilijiona fundi. Nilimpigia hadi mama kule Tanga nikajisifu.

Kisha mama akaja Kigali kunitembelea.

Mama hapigi deki kwa tambara lenye unyevu kama mimi. Yeye anamwaga maji. Akishaswali alfajiri anamwaga ndoo nzima, anasukuma kwa fagio, nyumba inanukia sabuni. Vihisi vinalowa, kontrola inazima pampu, na mimi nimelala. Siku ya nne niliamka nikakuta samaki wamejaa juu wanatafuta hewa, wawili wameshakufa. Sasa nimkataze mama kufanya usafi? Mimi huyo? Sikuthubutu.

Nikaingia kwenye simu nikabadilisha mpangilio, kutoka "kata umeme" kwenda "tuma ujumbe tu". Ilinichukua chini ya dakika moja.

Naandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu. Nilijua ekstensheni ya pampu na hita, inayopata umeme kupitia kontrola, iko sakafuni. Nilijua nyumba hii ya kupanga haina ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukigusa maji. Nilijua mama akiwa ndani anatembea pekupeku. Yote hayo niliyajua, na nikawaza samaki.

Leo asubuhi nilimwacha mama nyumbani nikashuka bondeni na majirani kuzibua mtaro. Simu mfukoni, mikono matope matupu. Nilipoitoa kuangalia saa nikakuta ujumbe: maji sakafuni. Ulikuwa umeingia dakika kumi na saba nyuma. Mama alikuwa amemaliza deki tangu alfajiri, kwa hiyo hayo hayakuwa maji ya deki.

Nilimpigia. Hakupokea. Nikapiga tena, kimya.

Nilitupa jembe nikaanza kupanda kilima. Mkuu wa mudugudu wetu, yaani kitongoji, mzee mpole siku zote, akaniita kwa nyuma, "Dada, unaenda wapi? Mukutano iko bado!" Barabara zilikuwa tupu, hakuna pikipiki wala gari mpaka umuganda uishe, kwa hiyo nilikimbia mtaa wetu wote wa Muhima, mlima mtupu, kwa miguu yangu. Nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti, watu wameshika mafagio wananitazama. Nilishafika mahali pa kuwaza nitawaambia nini kaka zangu Tanga.

Nikafungua mlango. Mpira wa pampu ulikuwa umechomoka, unamwaga maji ya tangi sebuleni. Mama alikuwa katikati ya maji, gauni amelikunja magotini, pekupeku, tambara mkononi. Ekstensheni ilikuwa nusu imezama pembeni ya kabati na taa yake nyekundu inawaka. Alikuwa ameshaanza kuinama.

"Usije na matope mwanangu," alisema bila kugeuka. "Ngoja niutoe huu waya, nikaushe."

Nilipiga ukelele. Maisha yangu yote sijawahi kumpandishia mama sauti. "Mama acha! Usiguse! Simama hapo hapo!" Alishtuka hadi tambara likamdondoka. Nikakimbilia swichi kuu pale barazani, nikaizima.

Niliporudi ndani alikuwa bado amesimama palepale nilipomwambia asimame. Machozi yalimlengalenga.

"Nisamehe mwanangu," akasema. "Sikujua hawa samaki unawapenda hivyo."

Nilipaswa kusema ukweli palepale. Nilitikisa kichwa tu, nikalia, naye akanishika bega akinibembeleza kwamba samaki watapatikana wengine.

Tangu hapo nimerudisha mpangilio wa kukata umeme. Nimeitundika ekstensheni ukutani. Nimeufunga mpira kwa kibano cha chuma. Nimevijaribu vihisi kwa kijiko cha maji, mara kumi au zaidi, na kila mara umeme umekatika kama unavyotakiwa. Bado naogopa. Nikifumba macho naona ule mkono wake unavyoshuka kuelekea kwenye waya, na ile taa nyekundu. Halafu naogopa jambo lingine kabisa: uso wake atakapojua kwamba kinga ilikuwepo, na mwanawe ndiye aliyeiondoa.

Namsikia chumba cha pili anaongea na shangazi kwa simu. Amepunguza sauti ili nisisikie. Anasema, "Nimemharibia mtoto vitu vyake. Nadhani nirudi tu Tanga."

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nitamwambia kesho. Nimefuta. Akikata simu tu naingia chumbani kwake kumwambia.