Mafuta Yetu Yalikuwa Kwenye Mengineyo

Alhamisi jioni, mwezi wa saba

Upepo wa leo ni ule wa kukufanya ufunge mdomo ukitembea, maana vumbi lote la Singida linataka kuingia. Baridi nayo haina adabu. Nimevaa sweta mbili na kitenge juu yake, na bado vidole vinagoma kuandika. Lakini nina furaha, shajara yangu, na wewe unayepita hapa kwa bahati itabidi univumilie. Leo najisifu.

Ili sifa zieleweke, nieleze tulikotoka.

Kule Mtinko kuna kikundi cha akina mama wanaokamua mafuta ya alizeti. Mwenyekiti wao ni Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, mwanamke ambaye akikohoa tu kikao kizima kinakaa sawa. Zamani ushirika ulinunua kila kitu na mkulima hakuwa na kazi ya kutafuta mteja. Siku hizi biashara ni huria, kila mtu ajitafutie, na madukani mafuta ya kutoka nje yamejaa kwenye madumu yanayong'aa. Akina mama wakasikia kwamba mimi, binti yao mwenye chumba cha intaneti hapa mjini, najua kutengeneza tovuti. Nikaitwa.

Nilikwenda na michoro yangu. Nilirudi na ajenda za kikao.

Walichotaka ni tovuti inayokwenda kama kikao, na kikao cha watu wenye heshima kina utaratibu wake. Huingii kwenye biashara kabla ya kufungua na kutambulishana. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza ulifunguka na wimbo wa kikundi, beti zote, na hapakuwa na pa kuuzimia. Zikafuata salamu kwa wageni. Zikafuata picha za viongozi, kubwa kubwa, kwa mpangilio wa vyeo, kuanzia mwenyekiti mpaka mlinzi wa mashine. Ikaja historia ya kikundi, kisha risala ya Kiingereza iliyoandikwa na mwalimu mmoja, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeielewa mpaka mwisho. Mafuta yenyewe, bei na namba ya simu vilikaa chini kabisa, chini ya kichwa cha habari "Mengineyo". Bei ilikuwa ya msimu uliopita.

Nilibisha. Nilibisha kwa adabu, jambo ambalo kwetu ni sawa na kutobisha kabisa. Utamwambiaje Mama Mkubwa aondoe sura yake mlangoni? Nikatengeneza kama walivyotaka, na kwa kunogesha nikaweka maandishi mekundu yanayowaka na kuzimika juu ya rangi ya njano. Hilo lilikuwa wazo langu mwenyewe, na wakati ule nililiona zuri sana.

Watu walikuja. Kile kihesabu wageni cha chini ya ukurasa kilikuwa kinasogea kila wiki, na akina mama wanashangilia. Ila simu haikulia. Wanaingia, wanaondoka. Na mimi nilijua sababu, kwa kuwa hapa chumbani nawaona wateja wangu kila siku. Ukurasa ukichelewa wanapiga miayo, wimbo ukilipuka wanashtuka, wanafunga, wanakwenda kwingine.

Mwaka huu mambo yakawa mabaya. Mapipa yamejaa mafuta, mnunuzi hakuna. Malori ya madalali yakaanza kuzunguka Mtinko yakitafuta mbegu, na nusu ya wanachama wakasema basi, tuuze mbegu tu, mashine ifungwe. Ile mashine Mama Mkubwa aliipigania tangu watu wanamcheka. Ingefungwa, sijui ningemtazama na macho gani.

Wiki iliyopita alikuja mjini kung'oa jino. Nikamwamkia, nikamkalisha mbele ya kompyuta, nikamwomba jambo moja tu: ajifanye mwenye duka wa Mwanza, mtu wa haraka, anataka mafuta. Ayatafute.

Wimbo ukaanza. Mama Mkubwa akatabasamu kwa upande wa shavu usiouma. Chumba kizima kikageuka, na kaka mmoja aliyekuwa anaandika barua ya kuomba kazi akaziba masikio. Salamu zikapita. Ndipo picha yake ikaanza kushuka, maana kwa mtandao wetu picha haifunguki, inashuka mstari kwa mstari. Kikatokea kilemba. Tukaletewa chai. Likaja paji la uso. Chai ikapoa, naye akainywa taratibu kwa ajili ya lile jino. Macho yakaja nusu, yakasimama hapo.

Alijitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Huyu mama atamaliza lini?"

Nilibana mdomo mpaka mbavu zikauma.

"Rehema, mafuta yako wapi?"

"Kwenye mengineyo, Mama Mkubwa."

Akasema neno la Kinyaturu ambalo sitaliandika hapa, kwa sababu blogu hii inasomwa na watoto.

Jumapili akaitisha kikao kwenye banda la mashine. Nilidhani ataamrisha tu, kama kawaida yake. Badala yake akawasimulia alivyokuwa mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe. "Tumemsimamisha mtu mlangoni, dumu mkononi, tunamwimbia," alisema. "Nani kati yenu anafanya hivyo kwake? Si unampa kiti na maji kwanza? Habari za ukoo atazisikia akishakaa."

Katibu, Mama Salma, ambaye picha yake ilikuwa ya pili, alinuna waziwazi. Akauliza, "Kwa hiyo sisi tusionekane?"

"Tutaonekana nyuma. Na wa kwanza kwenda nyuma ni mimi."

Nilijivunia kuwa damu yake. Sina namna nyingine ya kulisema.

Nikarudi mjini, nikaubomoa ule ukurasa wote. Sasa ukifungua unakuta chupa moja ya mafuta, picha ndogo, namba ya mwenyekiti juu kabisa, bei ya wiki hii, na maelezo ya namna ya kufika Mtinko ukitokea mjini. Kiswahili chepesi, maandishi meusi, karatasi nyeupe. Wimbo upo, lakini uubonyeze mwenyewe ukitaka. Viongozi wana ukurasa wao nyuma, na picha nimezipunguza. Niliujaribu kwenye kompyuta yangu mbovu kuliko zote na ulifunguka kabla sijavuta kiti. Nikajipongeza kwa soda.

Leo mchana nilikuwa Mtinko kuwaonyesha akina mama kazi yangu niliyoichapa kwenye karatasi. Tukiwa pale bandani, simu ya Mama Mkubwa ikalia. Namba ngeni. Akaweka sauti ya juu ili tusikie wote. Alikuwa baba mmoja mwenye duka la jumla, anapiga kutoka Shinyanga, ameona tovuti, anataka mafuta.

Na Mama Mkubwa akaanza. Habari za Shinyanga? Nyumbani hawajambo? Watoto? Baridi huko ikoje? Mavuno mlipata? Mimi namwonyesha mapipa kwa mikono yote miwili, yeye ananigeuzia mgongo. Yule baba anaitikia moja moja, kwa heshima. Mama Mkubwa akamuuliza na hali ya mama yake mzazi. Simu ikakatika.

Salio lilikuwa limemwishia yule baba.

Mama Salma akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekata. Kusema kweli nilitaka kulia. Nilijua kuwa mtu wa biashara ana namba nyingine za kupiga, na kwamba nje malori ya mbegu yanasubiri.

Simu ikalia tena.

Alikuwa amekwenda kununua vocha. Akaomba radhi, akasema mama yake anaendelea vizuri, ila mguu unamsumbua wakati wa baridi. Ndipo akaagiza mapipa yote yaliyo tayari, na akauliza kama mashine itaendelea kukamua, kwa kuwa atahitaji mengine. Jumamosi anakuja na gari lake mwenyewe.

Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia. Kabla ya kuagana, yule baba akauliza anazungumza na nani, ili akifika amuulizie. Mama Mkubwa akajitaja majina yake yote matatu. Kisha akaongeza:

"Na picha yangu iko ukurasa wa nyuma, baba. Ukipata nafasi."

Jumamosi chumba cha intaneti kitafungwa, wateja wangu mnisamehe. Nitakuwa Mtinko tangu asubuhi, nimevaa kitenge kizuri, nimesimama karibu na mapipa. Nataka kumwona kwa macho yangu mgeni aliyekatikiwa simu na bado akarudi.