Picha ya Mwisho kwenye Harusi ya Edna

S.L.P. 214,
Majengo, Songea.
14 Novemba 1994

Dada Frida mpendwa,

Shikamoo dada. Habari za huko Tanga na wote wa nyumbani kwako? Kifua cha mpwa wangu Zuhura kimepona? Barua yako ya Septemba ilisema anakohoa, nami sijatulia tangu hapo. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua, lakini ukimwambia apumzike ndipo anachukua jembe.

Edna ameolewa, dada! Amefunga ndoa na Leo, mwalimu wa Mjimwema, tarehe 29 Oktoba, katika kanisa la Peramiho. Alipendeza mpaka nikasahau kwamba ndiye yule mwizi wetu wa karanga. Watu walinishauri nikae na wageni nile pilau, kaka wa bibi harusi asihangaike na kamera. Nikawauliza, sherehe ya mdogo wangu nimwachie nani? Songea nzima tuko wapiga picha wanne, na anayeijua kazi unamfahamu.

Nikupe siri yangu. Watu wetu wakiona kamera wanakauka. Wanabana midomo, mikono wanaishusha, utadhani wanapigwa picha ya kitambulisho. Siwagombezi. Nawapiga hivyo hivyo, maana ndiyo picha wanayoitaka ukutani, kisha nasema kwa sauti, "Tayari, asanteni!" Hapo wanashusha pumzi. Mwenye kilio analia, mwenye kicheko anacheka, na mimi jicho bado liko kwenye kamera. Ndivyo nilivyompata Leo mbele ya altare akijifuta jasho kwa shela ya Edna. Siku hizi mikanda ya rangi inapatikana hapa hapa Majengo, ila mkanda mmoja ni picha thelathini na sita tu, kwa hiyo sipigi ovyo.

Sasa jambo lenyewe. Baada ya misa niliipanga familia kwenye ngazi za kanisa. Baba akasimama, Mama akasimama, na katikati yao pakabaki nafasi ya mtu mzima. Nikamwomba Baba asogee. Hakusogea. Basi mimi fundi, nisiyependa pengo kwenye picha, nikamwita Shangazi Benigna aje azibe. Naye akaja mbio na mkoba wake.

"Kaka, bila mimi picha hii ingekuwa na pengo kama mdomo wangu," akasema, na watu wakacheka.

Baba hakucheka. "Toka, Benigna. Hapo pana mtu."

Nilijua ni wewe, Mama alijua, hata Shangazi alijua, maana aliondoka bila ubishi, kitu ambacho hujawahi kukiona maishani mwako. Dada, niliona aibu. Miaka minane Baba hajakutaja tangu ufunge ndoa bomani badala ya kanisani, nasi tukadhani kimya kile ni hasira tupu. Mimi mwenyewe nimeshawaambia watu kwamba kwetu tumezaliwa wawili. Nisamehe.

Nikaipiga picha ile na nafasi yako wazi. "Tayari, asanteni!" Watu wakaelekea kwenye magari. Baba akabaki palepale, kofia mkononi, akiitazama ngazi tupu pembeni yake, na machozi yakamtoka. Baba yetu katekista, anayewakemea wanaume wanaolia misibani! Mkanda ulikuwa umebakiza picha moja. Nikapiga.

Picha ziliporudi kutoka Dar kusafishwa, nilikaa nazo siku tatu. Kumpiga mzazi wako picha akilia ni utovu wa adabu, na unamjua Baba, angeweza kuichana na kunifukuza na kamera yangu. Lakini picha nzuri naijua nikiiona, na hii inazipita zote nilizowahi kupiga. Nikampelekea, nikaiweka mezani mbele ya chai yake. Aliitazama mpaka chai ikapoa.

"Ulinipiga saa ngapi?"

"Mlipokuwa mmemaliza, Baba."

"Sikuwa nimemaliza," akasema. Akanirudishia. "Mpelekee Frida. Aone mwenyewe."

Ndiyo hiyo ndani ya bahasha. Itazame kwanza ukiwa peke yako. Halafu ufunge mizigo, Krismasi uje nyumbani na wote ulio nao. Nakuomba, dada, usiniandikie kwamba utafikiria.

Mama anakusalimu sana, amekuwekea asali na hataki mtu aiguse. Edna na Leo wanakusalimu. Shangazi Benigna naye anakusalimu, anasema safari hii atasimama nyuma kabisa. Mungu amponye Zuhura na awafikishe hapa salama.

Salamu moja nimeiacha ya mwisho kwa makusudi. Siku ile nilipokuwa natoka, Baba aliniita nikiwa mlangoni, akaniuliza jina la mumeo. Nikamtajia. Akalirudia taratibu mara mbili, kama wanafunzi wake wanapojifunza sala, kisha akasema, "Mwandikie Athumani kwamba baba mkwe wake anamsalimia."

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Remmy