Baluni Ambayo Sikuirusha

Mpendwa Mama Atieno,

Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike, na bado kuna jambo sijakuambia.

Unakumbuka Jumatano ile ulivyorudi kutoka soko la ufukweni ukihema, karai la samaki wa ngege hujauza hata nusu? "Baba Atieno, tumeona kitu juu ya ziwa! Kinang'aa kama sufuria mpya. Kilisimama tu, halafu kikaenda kule upepo unakotoka." Soko zima lilikiona, mchana kweupe. Mimi nilikuwa ndani ya kituo cha hali ya hewa, kazini, sikuona kitu.

D.O., mkuu wa tarafa yetu, akaitisha baraza. Akaja na mtafiti kutoka Nairobi, mtu mpole mwenye ramani. Akawauliza wanawake mmoja mmoja: kilikuwa na ukubwa gani, kilielekea wapi. Ulijibu bila kubabaika. Kisha akanigeukia. "Bwana, kitabu cha kituo chenu kinasema mlirusha baluni ya kupimia hali ya hewa siku ile. Ni kweli?"

Haikuwa kweli. Gesi ilikuwa imekwisha kwa sababu nilisahau kuagiza, nikajaza kitabu kana kwamba nimeirusha ili mkubwa wangu asijue. Wewe ulijua. Nilikuambia mwenyewe asubuhi ya baraza tukinywa chai.

"Ni kweli," nikasema.

Wanaume wakaangua kicheko. "Kumbe ni baluni ya bwana yako, mama!" Ukanitazama. Neno lako moja tu lingenifukuzisha kazi. Ukaketi. Mtafiti akafunga daftari lake, akarudi Nairobi.

Wateja wakaanza kukuita Mama Baluni, mpaka ukahamishia samaki wako soko la Sondu, mwendo wote ule. Nyumbani nilingoja unigombeze. Hukunigombeza hata siku moja. Nami nikauita ukimya wako msamaha, maana ulinifaa.

Wiki jana nilistaafu. Nikaenda ufukweni kwa Mama Achieng, aliyekuwa akiuza kando yako, nikamwambia yote. Hakuacha kuparua magamba.

"Tunajua, Baba Atieno. Alituambia siku ileile. Akasema, 'Mkimsema baba ya watoto wangu, mmenisema mimi.' Tukanyamaza."

Wanawake wote wale, mama, walikubali kuitwa waongo miaka yote hii, na kila asubuhi walinisalimu kwa heshima.

Nimemwandikia yule mtafiti ukweli. Kwako sina la kuongeza ila kwamba nilipaswa kusimama, nikaketi nikakuacha.

Pumzika, mama.

Mumeo