Pijo ya Baba na Karavani ya Mwazye

Mazwi, Sumbawanga
Juni, 1996

Kaka yangu Leonidas,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Dar es Salaam, pamoja na wifi Angela na watoto. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ambayo neno hilo bado lina maana. Mama anaendelea na kazi zake, ingawa chakula anakipika zaidi ya anavyokila. Upepo wa Juni umeshaanza kukata masikio na mahindi yamekwisha vunwa. Mimi bado niko nyumbani. Chuo hakijatuita sisi tuliosimamishwa kwa kukataa uchangiaji wa gharama, wala sijutii hata neno moja nililolisema nikiwa nimesimama juu ya meza ya bwalo.

Simu yako ya maandishi tumeipata. Umeuliza Baba ameumiaje, ukataka maelezo kamili. Nitakupa. Nakuomba tu usome mpaka mwisho, usiikunje barua hii katikati, maana katikati yake utadhani unasoma habari za watu wengine.

Unafahamu kuwa kampuni ya barabara aliyoitumikia Baba tangu wewe ukibebwa mgongoni imekabidhiwa kwa wenye mitaji, na wazee wote wamepunguzwa kazini. Kiinua mgongo, wakaambiwa, kitalipwa kwa mali chakavu. Mzee Oswaldi, aliyeendesha greda pamoja na Baba, alipewa mapipa ya lami yasiyo na lami. Mwingine alipewa jenereta ambalo koroboi ya bibi kizee inalishinda kwa mwanga. Baba akapewa karavani, ile nyumba ya bati yenye magurudumu mawili waliyokuwa wakilala wapima barabara katika kambi ya Mwazye. Na kwa kuwa nyumba hii ya kampuni hapa Mazwi nayo imeuzwa, hiyo karavani ndiyo ingekuwa makazi ya wazazi wetu, isimamishwe kwenye shamba letu la Kaengesa. Sharti lilikuwa moja: kila mtu aondoe mali yake kwa chombo chake kabla mwezi haujaisha, na itakayobaki itahesabiwa imetupwa. Tazama werevu wa zama hizi, kaka. Mtu anajenga barabara ya taifa ujana wake wote, kisha uzeeni anaambiwa aivute nyumba yake mwenyewe juu ya barabara hiyo hiyo!

Chombo chetu unakijua. Ni ile Pijo iliyokupeleka shule ya misheni, sanduku lako la bati likigonga nyuma kila tulipopita shimo. Baba aliniita uani akaniambia, kwa ule upole wake wa kuomba kama vile anamsumbua mtu, kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea uhandisi, nimtazamie kama gari linaweza kuivuta karavani kwa usalama. Nilifurahi, sikufichi. Tangu nirudi nyumbani hakuna aliyekuwa ameniuliza swali linalohusu masomo yangu. Wote wanauliza nitaolewa lini.

Tukaipeleka Pijo kwenye mizani ya ghala la mahindi. Karani alimtania Baba, akataka kujua kama siku hizi magari nayo yanauzwa kwa kilo. Baba akamjibu kuwa kama wazee wameshauzwa, gari ni nini? Halafu tukaenda Mwazye pamoja na Mama. Karavani ina kibati kinachoonyesha uzito wake ikiwa tupu, lakini haikuwa tupu tena. Wapimaji walikuwa wamefungia humo vitanda vya chuma, tangi la maji na jiko, vyote vimechomelewa sakafuni. Nililala chini nikaikagua. Breki zake zilikuwa zimeliwa na kutu, na waya wa kuziunganisha na gari haukuwepo kabisa. Tulipouweka mkono wake wa kuvutia juu ya Pijo, nyuma ya gari ilizama na taa za mbele zikatazama juu kama zinaomba toba.

Nikamweleza Baba. Nilimwambia karavani ni nzito kuliko gari lenyewe, na kwamba kosa la watu wengi ni kuuliza kama gari lina nguvu ya kuvuta. Kuvuta si shida, hasa kwenye tambarare zetu. Swali ni kama linaweza kuzuia. Mzigo mzito usio na breki ukifika mteremkoni hauvutwi tena, unasukuma. Unalipiga gari mgongoni, mkia unayumba, na dereva anabaki abiria. Baba alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema ndivyo, hata yeye anaona hivyo hivyo. Nayakumbuka maneno hayo, kaka. Mtu aliyeendesha greda milima yote ya Rukwa alikubali kwa kinywa chake kwamba gari haliwezi.

Alikuwepo pia Malimi, yule Msukuma ambaye zizi lake liko karibu na kambi. Alicheka akasema ng'ombe akikokota anajua na kusimama, lakini hili gari la Mzee Zenon linajua kwenda tu. Akajitolea kuikokota karavani hadi Kaengesa kwa jozi zake za maksai, taratibu, na malipo yawe chakula na mazungumzo. Mama alipiga vigelegele. Ungedhani Baba angemkumbatia. La hasha! Alimjibu kwa mkato kuwa ng'ombe ni wa kulimia, na nyumba yake haitaingia Kaengesa kama jembe. Nilishangaa. Baba si mtu wa majivuno.

Nilikwenda ofisini kwa meneja kuomba lori la kampuni, safari moja tu. Akaniambia makao makuu wamekataa. Nikasema niliyoyasema, kuhusu watu wanaokula ng'ombe mzima na kumwachia mwenye zizi kwato. Akaniambia niteremke kwenye meza, hapa si bwalo la chuo. Kisha akatabasamu, akaongeza kwamba baba yangu hajalalamika, ila mimi. Tabasamu lile sikulielewa siku hiyo.

Siku ya kuondoka wazee wenzake walikuja kambini kushuhudia. Baba alivaa koti lake la Krismasi. Aliifunga karavani kwa mikono yake, akaujaribu mfungo mara mbili, halafu akanishika bega akaniambia nishuke, nitakuja nyuma kwa baiskeli ya Oswaldi. Mama naye akamshusha. Mama akauliza kwa nini, wakati viti vipo. Akasema anataka kupunguza uzito. Mama uzito wake ni wa kuku, kaka! Dereva anayeziamini breki zake hateremshi familia yake. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale na baiskeli mkononi, na mimi niliyezoea kuhutubia umati nikaipanda tu, nikamfuata nyuma.

Kwenye tambarare Pijo ilivuta vizuri, wazee wakashangilia. Katika mteremko wa kwenda darajani nikaona kando ya karavani taa nyekundu za breki za Pijo zikiwaka bila kuzimika, na karavani ikaanza kutikisa mkia. Iliyumba kushoto, ikayumba kulia, kisha ikaisukuma Pijo korongoni na kuilalia. Maksai wa Malimi ndio walioiondoa juu ya Baba. Mwinjuma, yule mfanyabiashara wa mahindi wa pale mjini, alikuwa akipita na lori lake. Alimwaga magunia kando ya njia ili Baba alazwe. Madaktari walijitahidi. Mguu wa kulia umekatwa juu ya goti.

Hayo ndiyo uliyouliza. Sasa nakueleza usilouliza.

Kila nilipokaa kando ya kitanda chake nilimuuliza kwa nini, na kila mara aligeukia ukutani. Jumapili iliyopita Mama alipokwenda misa, akanijibu. Aliniambia kuwa kabla hajaniomba nilipime gari, meneja alimwita ofisini mbele ya makarani wote, na redio ya upepo ikafunguliwa. Sauti kutoka makao makuu Dar es Salaam ilisema kamati ya kugawa mali imejadili suala la lori na kuona halihitajiki, kwa sababu katibu wa kamati ni mtoto wa Mzee Zenon mwenyewe, na ameihakikishia kuwa gari la baba yake linaweza. Tena amewachekesha wajumbe kwa kusema ile Pijo inaweza kulivuta hata kanisa la Kaengesa, waumini wakiwa ndani. Watu wote ofisini walicheka na kumpigia Baba makofi. Alisema hajawahi kupigiwa makofi katika kampuni ile isipokuwa siku hiyo.

Ulisema hivyo, kaka Leonidas. Hukuja kulitazama gari, hukuiona karavani, hukutuuliza hata kwa mstari mmoja. Ulitaka tu wakubwa wako wasidhani unampendelea baba yako.

Nilimuuliza Baba kwa nini hakusema kuwa umekosea. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayeuliza kwa nini maji yanalowesha. Akasema, "Coleta, mwenzako ameshasema mbele ya wakubwa wake. Ningekokota kwa ng'ombe, angeonekana mwongo." Kumbe aliponiomba nipime, alikuwa anatarajia nitakuta umesema kweli.

Miaka yote hii nimehutubia dhidi ya soko huria, nikilitafutia uso: nikadhani ni mgeni mwenye mkoba, nikadhani ni meneja na tabasamu lake. Sikuwahi kulitafuta kwenye picha iliyotundikwa sebuleni kwetu, ile yenye joho lako, ambayo Baba ameomba iletwe wodini. Nimeileta. Iko juu ya kabati, upande ule ambao mguu haupo.

Malimi ameikokota karavani mpaka Kaengesa. Njiani hakikuvunjika hata kioo kimoja zaidi. Pijo imebaki korongoni, na watoto wa Mwazye wamekwisha chukua viti.

Msalimie wifi Angela na uwabusu watoto. Mama anakusalimu, anauliza kama utakuja, mimi siulizi. Mzee Oswaldi na Malimi wanakusalimu pia, nao hawajui lolote, kwani Baba ameniapisha nisiseme kwa mtu yeyote, na zaidi ya wote wewe. Kiapo hicho nimekivunja kwa barua hii, na dhambi yake nitaibeba mwenyewe.

Baba anakusalimu sana. Ameniagiza nikuandikie kwamba ni tairi tu lililopasuka. Gari liliweza.

Ni mimi mdogo wako,
Coleta