Filimbi ya Owuor na Dumu la Maji

Owuor, omera, ndugu yangu,

Katika mtaa mzima wa Obunga ni mimi peke yangu niliyejua ugonjwa wako kabla ya madaktari. Niliwaambia watu hivyo kwenye matanga yako, nimesimama, kofia mkononi, na mama mmoja kutoka Asembo akatikisa kichwa kwa heshima.

Sawa. Sikujua kitu. Wewe unanifahamu, shule niliiacha darasa la tano, nikatorokea dirishani. Ninachojua ni kukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta iliyobaki baada ya viwanda kuchukua nyama, na ni mifupa hiyo iliyoninyima utulivu tangu tukuzike. Nakaa, nasimama. Leo kiti nimekihamisha mara tatu. Pale ulipokuwa ukiziba pancha za baiskeli kuna msichana anauza chaja za simu. Kila akiinama nageuka, nikidhani ni wewe. Ana sura nzuri kuliko yako, lakini hata hilo halinisaidii.

Kule wodini daktari alisema ni saratani ya koo, tena kalsiamu imejaa kwenye damu yako kupita kiasi. Nikamuuliza binti yako Apiyo hiyo kalsiamu ni nini. Akasema, "Baba, ni ile kitu ya mifupa." Ugali ulipoanza kukukwama na mifupa kukuuma, nani alikuchemshia supu ya mgongo wazi, bakuli mbili kila siku? Nani alisema mifupa yako inataka wenzake? Nikajua nimekuua kwa kijiko.

Baada ya mazishi nilimdanganya Apiyo kwamba naenda kupimwa macho, nikamrudia yule daktari. Msichana mdogo, ana subira kama ya mwalimu wa nasari. Akasema supu haina kosa. Akasema shingoni mwetu kuna tezi nne ndogo kama punje za mchele wa Ahero, na kazi yake ni kuiambia mifupa lini itoe kalsiamu kidogo. Uvimbe wako ulikuwa unatengeneza kitu chake kinachofanana na ujumbe wa tezi hizo. Mifupa ilisikia, ikatii, ikamwaga akiba yake kwenye damu, usiku na mchana.

Nilicheka pale pale, omera, na daktari akanitazama vibaya. Nilikumbuka filimbi yako. Ulikuwa ukiipuliza sokoni kama askari wa kaunti anayefukuza wachuuzi, akina mama wanabeba beseni wanakimbia, halafu mimi naketi mahali pazuri na samaki wangu. Kumbe uvimbe nao ulikuwa na filimbi ya uongo.

Kisha akaendelea, nami nikaacha kucheka. Kalsiamu ikizidi, figo zinashindwa kushika maji. Mtu anakojoa, anakauka, ana kiu, anafunga choo, akili inayumba. Ndiyo maana walianza kwa kukutundikia maji. Akasema saratani ilikuwa imeshaenea na isingekuacha, lakini kule nyumbani maji ya kutosha yangekupunguzia mateso, na ungefika hospitali ukiwa bado unatutambua.

Hakuniuliza nani alikuwa akikuuguza nyumbani. Sikumwambia kwamba ni mimi.

Ulikuwa unaenda choo mara nane kabla ya chakula cha mchana, na mara mbili ulianguka njiani. Nikaona mwenye makosa ni maji. Nikalichukua dumu lako la maji, nikalificha chini ya kitanda changu. Uliniambia, "Odhiambo, hata tone." Nikakujibu, "Meza mate, mzee." Tukacheka. Mimi nilicheka. Siku ya tatu ukaniita kwa jina la marehemu kaka yako, nikawaambia watu umelewa chang'aa mahali.

Apiyo ananishukuru kwa supu. Kila Jumapili ananishukuru. Nitamwambia habari ya dumu, nakuahidi, kabla ya Jumapili ijayo, hata akinifukuza. Na nikimwona mtu hapa anakunywa maji mno, anakojoa na kuongea ovyo, nitampeleka hospitali mimi mwenyewe, hata kwa mkokoteni.

Lala vizuri, mwizi wa sokoni. Lakini kabla hujalala, una deni langu. Siku ile askari wa kweli alipotukamata nilisema filimbi ni yangu, na mgongo wangu ukalipa. Ulinipandisha kwenye baiskeli ukasema, "Dai siku yoyote."

Nadai leo. Nijie ndotoni. Usije usiku, silali. Njoo saa nane mchana nikisinzia kwenye kiti. Usinihubirie, wala usinisamehe. Niombe maji tu. Dumu limejaa, liko mlangoni, na kikombe ni kile chako cha bluu.

Wako,
Odhiambo