Siku Nilipomkimbilia Baba Yako

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Masieda tu wazima, na babu yako anamsalimu sana kitukuu wake.

Unasema tangu ujifungue unasahau kila kitu, unaogopa akili imeharibika. Mimi nilipomzaa baba yako niliwahi kupika makande ya mahindi matupu, nikasahau maharage.

Siku moja tulikuwa uwanjani tunapiga maharage kwa fimbo, watu wanaimba, kelele tupu. Mtoto amelala ndani. Ghafla nikatupa fimbo, nikakimbia. Nilimkuta amepaliwa na maziwa, kimya, midomo imebadilika rangi. Nikamwinamisha, nikampigapiga mgongoni mpaka akalia.

Mama mkwe alifika akihema. "Umesikia nini? Mtoto hakuwa amelia!"

"Sijui, mama."

Alinitazama kana kwamba mimi ni mgeni kwake.

Majuzi nesi wa zahanati alinieleza kwamba ubongo wa mama hujipanga upya tangu ujauzito, ili ajifunze kumsoma mtoto. Kumbe nilikuwa natengenezwa, wala sikujua!

Basi usiogope. Baba yako sasa ana mvi, lakini akinipigia simu, ile pumzi anayovuta kabla ya kuniamkia inatosha kuniambia kama ni mzima.

Bibi yako